Mashauri ya Nyumbani: Kwa Jamaa Wanaohamia Ugogo

Mwezi huu twataka kunena na jamaa wanaofunga mizigo, wale waliopata uhamisho au walioamua kwa hiari yao kwenda kukaa Ugogo, katika vijiji vya Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Tangu ilipoamuliwa mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na hasa tangu mwaka 2016 uhamisho huo uliposukumwa kwa nguvu, nchi ile imepata wageni wengi: makarani, mafundi, wafanya biashara, na nyuma yao walimu na wakulima watafutao ardhi pana. Treni ya umeme, iliyoanza safari zake kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, imeifanya njia kuwa fupi, hata mtu aweza kuondoka pwani asubuhi akala chakula cha mchana Dodoma. Walakini kufika ni jambo moja na kukaa ni jambo jingine. Maswali tunayoulizwa ni yale yale: Tutakula nini? Maji yapo? Shamba hupatikanaje? Basi tutajibu kwa kadiri tuwezavyo, wala hatutawaficha yaliyo magumu.

Jambo la kwanza alionalo mgeni ni jua. Tangu mwezi wa Mei hata Novemba mbingu za Ugogo ni safi, na wingu la mvua halionekani. Mtu atokaye Tukuyu au Bukoba, ambako hata godoro huota ukungu, atafurahi kama aliyefunguliwa dirisha. Nguo hukauka upesi, tofali hukauka upesi, na mtoto mwenye kifua hupumua vema. Dodoma yenyewe i juu kiasi, mita 1,100 hivi juu ya bahari, kwa hiyo joto lake si kama la pwani. Ni joto kavu, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi ya kweli, tena upepo huvuma ukichukua vumbi mpaka ndani ya kabati. Wengi huja na nguo nyepesi tu kwa kuwa wamesikia habari za jua, kisha mwezi wa Julai hutafuta blanketi za kuazima. Joto kali lenyewe huja Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, wakati ardhi imekauka kama kigae na ng'ombe wamekonda.

Lakini jua hilo humdanganya mgeni. Huona uwanda mpana, mibuyu imesimama mbali mbali, mashamba yaliyo wazi mpaka upeo wa macho, akasema moyoni mwake: Mahali penye nafasi na mwanga namna hii, mtu wa bidii atakosa nini? Atakosa mvua. Kwa mwaka mzima Dodoma hupata milimita 500 hadi 600, ambazo si theluthi ya mvua ya Bukoba, nazo karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Wala hazinyeshi kwa mpango. Hutokea mwisho wa Novemba ikaanguka mvua kubwa ya siku mbili, mito ya mchanga ikafurika, kila mtu akafurahi. Kisha jua likarudi majuma matatu, na kila kilichoota kikafa. Hutokea tena mwezi wa Februari, mimea ikiwa imefika kiunoni, mvua ikakatika kama kwamba imesahau njia. Mtu aliyezaliwa huko hayamshangazi mambo haya. Ameweka mbegu ya kupanda mara ya pili, na pengine ya tatu, nayo hailiwi hata watoto wakilia. Mgeni amepanda mbegu yote siku ya kwanza, tena kwa mstari mzuri.

Tunakaa katika jambo hili kwa kuwa ndilo lenye madhara kuliko mengine yote. Jamaa wengi wanaohamia Ugogo wametoka nchi za mahindi, na mtu huchukua tumbo lake popote aendapo. Hufika, wakatafuta mbegu ile ile waliyoizoea kule milimani, mahindi yanayokaa shambani miezi mitano au zaidi, wakayapanda katika nchi ambayo mvua ya kufaa haifiki miezi minne. Mahindi hayo huchipua vizuri mno. Mwezi wa Januari mgeni huwaita ndugu zake waje wayaone. Yakifika wakati wa kutoa mbelewele na kubeba, ndipo ukame wa Februari unapoyakuta, na mahindi yaliyokosa maji wakati huo hayasameheki hata mvua ikirudi. Mtama na uwele si hivyo. Mtama ukikosa maji hukunja majani ukangoja, na mvua ikija huendelea; uwele huvumilia hata mchanga usio na rutuba. Tena ziko mbegu fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi kame, kama mtama uitwao Macia na uwele uitwao Okoa, ambazo huwahi kukomaa kabla mvua haijaondoka. Afisa ugani wa kata atawaonyesha zinakopatikana. Pandeni mahindi, kama hamwezi kuishi bila hayo, katika sehemu ndogo ya bondeni ambako maji hukaa. Lakini shamba la kulisha nyumba liwe la mtama au la uwele, pamoja na kunde, choroko na njugu mawe. Alizeti na ufuta ni vya kuuza.

Twajua watakaokunja uso na kusema, Ugali wa uwele ni mweusi. Ni kweli si mweupe. Lakini ukila na mlenda, au na maziwa ya mgando, utashiba mpaka jioni, na baada ya majuma mawili hutauliza tena rangi yake. Mlenda wenyewe ni majani ya porini yachumwayo wakati wa mvua, yakakaushwa na kutwangwa, yakawekwa kwa miezi ya kiangazi ambapo hapana mboga mbichi. Mama wa nyumba afanye haraka kujifunza majani hayo kwa jirani zake, maana hayauzwi kila mahali, na asiyeyachuma mwezi wa Februari atakuwa hana mboga mwezi wa Septemba.

Kwa haki lazima tuseme pia kwa nini wenyeji wengine nao wameacha uwele na kwenda kwenye mahindi. Sababu kubwa ni ndege. Kweleakwelea huja kwa makundi ya maelfu elfu, wakashuka shambani kama wingu. Ndege mmoja hula gramu 10 hivi kwa siku, na kundi la ndege milioni moja hula tani 10 kabla ya jua kuchwa. Hindi limefungwa ndani ya maganda yake, lakini suke la mtama liko wazi. Serikali hutuma ndege za kunyunyiza dawa mahali wanapolala, walakini haziwezi kuwa kila mahali kwa siku moja. Kwa hiyo tangu punje zinapokuwa na maziwa mpaka siku ya kuvuna, shamba lahitaji mlinzi tangu alfajiri mpaka magharibi, nao walinzi aghalabu ni watoto. Hapa twasema na walimu: mtaona madawati matupu mwezi wa Machi na Aprili. Kabla ya kuchukua fimbo, enendeni mashambani mkaone mtoto amesimama juu ya dungu na kombeo lake. Yafaa wazazi na walimu kukaa pamoja mapema na kupanga zamu za watu wazima, kwa sababu mtoto asiyesoma majuma sita kila mwaka hawezi kumfikia mwenzake. Lakini shauri hilo hufanyika kwa maneno mema, na mwalimu mgeni asilianze kwa kutisha.

Kama yuko adhaniye ya kwamba mali na mitambo yaweza kushinda asiyoyajua mtu, na asikie habari za Kongwa. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu walitumwa kuja kutazama nchi, wakaitazama kwa majuma machache, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika ya kwamba karanga zaweza kulimwa katika eka milioni tatu na zaidi, na sehemu ya kwanza iwe Kongwa. Waliiona kuwa nchi tupu. Kwa nini i tupu, hawakukaa kuuliza. Wenyeji wangewaambia ni kwa sababu maji hayapo. Mwaka 1947 kazi ilianza. Walikusudia kulima eka 150,000 mwaka ule ule, na mwisho wake hazikufika hata 10,000. Matrekta yalivunjika kwa mizizi ya miti ya nyika. Udongo wenyewe, uliochanganyika na mchanga mkali, ulikula majembe ya chuma. Mvua ilipokatika jua liliukausha ukawa mgumu kama saruji, karanga zikabaki chini zisichimbike. Kisha ukaja ukame. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, na zaidi ya paundi milioni 36 zilikuwa zimepotea. Walikuwa na fedha, chuma, na watu wenye elimu, nao walishindwa na jambo ambalo mwanamke yeyote wa Kongwa alilijua tangu utoto wake. Siku hizi sehemu ya nchi ile ni ranchi ya ng'ombe, kazi iliyofaa mahali pale tangu mwanzo.

Tuje sasa kwenye ghala. Mavuno ya Ugogo huingia Mei na Juni, nayo lazima yafike Mei ya pili. Hesabu hii ni nyepesi kwa midomo lakini ni nzito kwa matendo. Mwezi wa Julai nafaka ni rahisi, wanunuzi wako mlangoni na magari yao, ada za shule zatakiwa, na nyumba ina magunia yaliyojaa, mgeni huuza. Mwezi wa Januari na Februari hununua nafaka hiyo hiyo kwa bei iliyopanda sana, tena kwa debe moja moja. Tumewaona jamaa wa mshahara mzuri wakiingia deni kwa njia hii. Yafaa baba na mama kukaa pamoja siku ya kupura, wahesabu vichwa vya watu na miezi kumi na miwili, waweke kando magunia ya nyumba, wakiongeza moja kwa ajili ya mwaka ambao mavuno yatachelewa; yaliyobaki ndiyo ya kuuza.

Na katika kukausha pana hatari ambayo wageni wengi hawaifahamu, kwa kuwa hudhani nchi kavu haina ukungu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua ini kwa ghafula, na watu 20 wakafa, na ilipochunguzwa ikaonekana ya kuwa walikula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoingia katika mahindi na karanga, hasa mimea iliyoteswa na ukame shambani, kisha ikavunwa na kurundikwa kabla haijakauka sawasawa. Haionekani kwa macho, haina ladha, wala kupika hakuiondoi. Kwa hiyo msianike mahindi wala karanga juu ya udongo mtupu. Tandikeni turubai au mkeka, au jengeni kichanja. Chagueni punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, mzitupe mbali. Tunaongeza kwa huzuni neno hili: msiwape kuku, wala msizipeleke kwa wapika pombe, wala msimpe maskini. Mtama na uwele hushambuliwa na sumu hii kidogo kuliko mahindi, na hiyo ni sababu nyingine ya kurudi kwenye chakula cha wenyeji. Uji wa mtoto mchanga ndio wa kuangaliwa zaidi, maana yeye hana chakula kingine cha kuchanganya.

Maji yapo, lakini hayako mlangoni. Wasafiri wa zamani walipotoka Mpwapwa kuingia Ugogo walipita nyika iliyoitwa Marenga Mkali, na maana yake ni maji makali, yaani ya chumvi. Na hata leo visima vingi vina chumvi, hata sabuni haitoi povu na chai huwa na ladha ya ajabu. Maji hayo hayaui, ila mgeni huyachukia. Wakati wa kiangazi watu huchimba katika mito ya mchanga, na maji yatokayo hapo huwa matamu kuliko ya kisima, lakini yachemshwe, kwa kuwa ng'ombe nao hunywa pale pale. Mwenye nyumba ya bati aweke mfereji na tangi kabla ya kununua kiti. Twasema na akina baba hasa: msilihesabu jambo la maji kuwa la wanawake peke yao. Mama aliyetembea saa mbili kwenda kisimani na saa mbili kurudi hana siku tena. Na baiskeli au punda wa kuchukua madumu ni zawadi kubwa kuliko kitenge.

Na maji yakiwa haba, watu huanza kuyabana mahali pasipostahili. Kongwa na jirani zake zimejulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao wengine huuita vikope, na wataalamu wameuchunguza huko tangu miaka ya 1980. Nzi hutua katika uchafu wa macho ya mtoto mmoja akaupeleka kwa mwingine. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kope zake hugeuka ndani atakapokuwa mtu mzima, zikakwaruza jicho mpaka likapofuka. Wanawake hupatwa zaidi kwa kuwa ndio wakaao na watoto. Dawa iko, nayo imegawanywa vijijini na ugonjwa umepungua sana, lakini kinga ni uso safi na choo. Kunawisha uso wa mtoto hakuhitaji ndoo. Kikombe kimoja chatosha watoto kadhaa, maji yakimiminwa kidogo kidogo mikononi. Mwalimu aweza kuning'iniza kibuyu chirizi mlangoni pa darasa, na kila mtoto akanawa kabla ya kuingia.

Habari za ardhi tutazisema upesi, kwa kuwa sheria i wazi. Mtu akikuambia shamba hili ni langu, lipa leo, usilipe leo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na kugawa huhitaji kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Nenda kwa mwenyekiti na mtendaji, omba kwa maandiko, ngoja mkutano, pitia mipaka pamoja na majirani wa pande zote nne, na jina la mama liandikwe pamoja na la baba. Uliza tena jambo moja ambalo mgeni hulisahau: Je, ng'ombe hupita hapa wakati wa kiangazi? Shamba lililo wazi mwezi wa Agosti huenda ni njia ya mifugo ya watu kwenda kisimani tangu zamani, na ukilizungushia miiba utakuwa na ugomvi usiokwisha.

Ukiisha kupewa shamba, usikimbilie kung'oa. Visiki unavyoviona, vyenye vichipukizi kama fito, havijafa. Mizizi yake imefika chini kwenye unyevu. Katika vijiji vingi vya Dodoma sasa watu hufuata mpango uitwao Kisiki Hai: huchagua machipukizi machache yaliyo imara, hupogoa mengine, hufunga kitambaa ili kila mtu ajue yanatunzwa, na kuyalinda na mbuzi. Baada ya miaka michache mtu hupata kivuli, majani ya kurutubisha na kuni, pasipo kupanda mche wala kuumwagilia. Wazee watakuambia nchi hiyo haikuwa tupu namna hii zamani. Huko Kondoa udongo ulikuwa umemomonyoka vibaya hata serikali ikaanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika sehemu iliyoharibika zaidi ili majani yaote tena. Ndivyo ilivyokuwa gharama ya kuchelewa.

Wengi huuliza juu ya zabibu. Ni kweli, Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, jambo lisilowezekana katika nchi za baridi. Wamisionari ndio waliotangulia kuipanda mizabibu huko, na Bihawana bado yajulikana kwa divai yake. Walakini mzabibu si zao la mtu mwenye haraka. Unataka nguzo na waya, samadi nyingi, maji ya kumwagilia, kupogoa kwa wakati wake, na hautoi mavuno ya maana mpaka mwaka wa pili au wa tatu. Tena zabibu iliyoiva haingoji mnunuzi. Kabla ya kupanda, jua utamwuzia nani. Mwenye kuanza na robo eka atajifunza mengi kwa hasara ndogo.

Neno ambalo tungependa lisomwe kwa sauti nyumbani ni juu ya majirani. Wako wageni wanaokuja Ugogo na dharau mizigoni, kwa sababu katika miji wamezoea kuwaona watu wa huko wakiomba msaada mwaka wa njaa, wakafanya mzaha nao. Wajue basi kilichotokea. Wazee huiita njaa ya miaka 1917 hata 1920 kwa jina la Mtunya. Haikuletwa na mbingu peke yake: majeshi ya Wadachi, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka ghalani, yakachukua wanaume kuwa wapagazi, na mvua ilipokosa, akiba iliyokuwa ikiwaokoa watu tangu vizazi haikuwapo tena. Yakadiriwa watu 30,000 hivi walikufa, katika watu 150,000. Mgogo anayefuga ng'ombe wengi kuliko unavyoona inafaa, na anayekataa kuuza hata mmoja katika mwaka mwema, hafanyi hivyo kwa ujinga. Ng'ombe ndio ghala lake litembealo.

Salamu yao ni Mbukwa kwa mtu mmoja, na Mbukwenyi kwa wengi au kwa heshima. Jifunzeni kabla ya kushuka garini. Mzee akiwa amekaa chini ya mbuyu, msimpite kwa kuinua mkono tu. Simameni, msalimieni, mjibu habari za mlikotoka. Katika juma la kwanza baba na aende nyumba kwa nyumba na kuuliza swali moja: Mwaka jana mlipanda lini, na mlipanda nini? Watacheka kidogo, kisha watamweleza mpaka jua lichwe, na mmoja wao huenda akampa mbegu. Mama naye akialikwa kupura asikatae kwa kuogopa mavumbi. Mwezi wa Februari utakapokuja na debe limekwisha, ni wale waliopura pamoja naye watakaomjia na bakuli chini ya kitambaa, bila yeye kuomba.

Mwisho ni habari ya majira ya kuhama. Mwenye kujichagulia wakati na ahamie Julai au Agosti: chakula ni rahisi, njia ni kavu, tofali hukauka, nao watu wana nafasi ya kuzungumza. Lakini mwalimu hana uchaguzi. Aghalabu huambiwa afike Januari shule zinapofunguliwa, nao ndio mwezi mbaya kuliko yote, kwa kuwa bei zimepanda, njia ni tope, na majirani wako shambani tangu alfajiri. Mwalimu huyo asihesabu kununua chakula kijijini. Achukue kutoka mjini unga au nafaka ya kumfikisha Mei, maharage, chumvi na mafuta, mapipa mawili yenye mifuniko, turubai moja, blanketi kwa kila mtoto, jembe, na kilo chache za mbegu ya mtama mfupi, maana akifika mapema Januari bado aweza kupanda, kama mvua ikinyesha. Gari likijaa, kabati na libaki kwa shangazi mpaka likizo ya Juni.